Nyumba Iliyochaguliwa na Mashua

Baba yangu alijenga nyumba mbili maishani mwake. Ya kwanza alimjengea mama yangu, na aliyeichagua ni mashua. Nikisema hivi watu hucheka, wanadhani natania. Sitanii. Mie nilikuwepo.

Ilikuwa enzi ya Mwingereza, kabla ya Vita vya Pili. Tulikuwa tumepanga chumba mjini, na baba alikuwa amepata mashua yake mwenyewe ya kubebea makuti, kuni na chokaa kutoka vijiji vya kusini kuleta mjini. Toka siku ile hakulala tena usingizi wa mtu mzima. Kutwa tanga limeibwa, kamba imekatwa, nani kaikalia. Mwishowe akasema lazima tuhamie mahali atakapoweza kuiona mashua akiwa kitandani.

Akapata kiwanja upande wa Mtoni, kando ya mkono wa bahari unaoingia ndani ya mikoko. Ungemwona alivyokichunguza. Alikwenda wakati wa bamvua, maji yanapojaa mno, akaangalia yanaishia wapi. Akarudi wakati wa maji mafu, yanapokuwa machache, kuangalia kama bado yanafika. Alivua kanzu akaingia topeni na fimbo, anachoma chini hapa na pale, asije akakuta jiwe la kumvunjia mkuku, ule uti wa mgongo wa mashua, ikikalia tumbo maji yakitoka. Akasimama kuusikiliza upepo wa kusi kama unapiga pale au unapita juu. Mchumba hachunguzwi hivyo.

Safari ya mwisho alitupeleka na sisi. Mama alisimama chini ya mkoko, kanishika mkono, akamwacha amalize. Kisha akauliza swali moja tu.

"Na maji ya kunywa, baba watoto?"

Baba akaionyesha ile bahari kwa fimbo. "Maji haya yote huyaoni?" Akacheka, na mwenye kiwanja naye akacheka. Walipomaliza kucheka akasema tutachimba kisima.

Tulichimba. Yakatoka maji ya chumvi. Tukachimba pengine, nyuma ya choo cha makuti, yakawa yale yale. Sabuni haitoi povu, chai hainyweki, na ukipikia wali huna haja ya kutia chumvi. Baba alionja, akatema, akasema mama atachota kwa watu wa juu, basi. Akaenda zake kuitazama mashua yake.

Kwa watu wa juu ilikuwa ni kuyapita mashamba ya mihogo, mchanga mtupu, jua la Mungu linawaka, na ukifika unangoja wenyewe wachote kwanza. Bamvua likija njia inafunikwa na maji, unazunguka mbali zaidi. Mie nilibeba debe dogo, mama debe kubwa. Alikuwa na nywele nzuri mama yangu, watu walikuwa wakimsifia. Debe likazila zote utosini, pakabaki kipara cha mviringo, na tangu hapo hakufunua kichwa hata mbele ya wanawake wenzake. Mpaka leo nikimkumbuka, nakikumbuka kile kipara kabla ya sura yake, na roho inaniuma.

Mashua haikukosa kitu. Siku ya kuileta pale ilisomewa maulidi, ikafukizwa ubani, ikachinjiwa mbuzi. Nyumba yetu haikuchinjiwa hata kuku. Mashua ilipakwa deheni kila ilipokauka, shahamu na chokaa, baba mwenyewe kainama chini ya tumbo lake anaisugua kwa mikono miwili. Ukuta wa jikoni ulipoanguka uliwekewa gunia.

Lakini nisimsingizie, ahadi alitoa. Mama akilalamika, naye hakuwa mtu wa kulalamika, baba alimwambia kwa upole kabisa, "Vumilia. Siku nikiipumzisha mashua nitajenga penye maji matamu, ukae uani kwako uchote umekaa." Maneno hayo mama aliyaweka moyoni. Nimemsikia akiwaambia majirani njiani, debe kichwani, na uso unamng'aa.

Baada ya vita malori yakazidi. Wenye makuti na chokaa wakaona lori lafika upesi, halingoji maji kujaa. Baba naye akaingia kwenye biashara ya hayo malori, na mashua ikapandishwa pwani mbele ya mlango wetu. Jua likaipasua mbao, kaa wakaingia. Hapo ndipo akatuambia, "Najenga Temeke."

Mama hakuuliza. Angeuliza nini, na alikuwa akiijua ahadi? Alikata ukindu, akautia rangi, akaanza kusuka mkeka wa nyumba mpya. Fundi mmoja alipita kwetu kuchukua nyundo ya baba, akatusimulia kwamba mzee kachimba kisima kwanza, kabla ya kusimamisha nguzo hata moja, kaonja, kasema maji haya ni asali, jengeni. Mama akasuka ukili mpaka giza likaingia.

Baba akaja na doti mbili za kanga nzuri, akaziweka mapajani mwa mama. Nilijua kabla hajafungua kinywa. Mwanamume hamletei mke wake wa siku nyingi doti mbili kwa mpigo bila jambo. Akasema kaposa, na bi harusi ataingia nyumba ya Temeke.

Mama alikwenda kwenye harusi, ndivyo desturi ilivyotaka, kavaa doti moja katika zile. Akapewa kata ya maji ya kisima kile. Akainywa yote, taratibu, akairudisha, akasema maji mazuri.

Tuliporudi Mtoni alitwaa shoka, akaenda kwenye mashua.

Baba alipokuja kwetu kwa zamu yake alikuta chakula kinatokota. Moto ulikuwa unawaka kwa harufu ya shahamu. Akatazama jikoni, akatazama nje mlangoni, palipobaki mkuku peke yake mchangani.

"Kuni hizi za wapi?"

"Za mke mwenzangu," mama akasema. "Yule wa kwanza."

Baba alinawa, akakaa, akala. Mie nilimchukia zaidi kwa vile alivyokula. Mkeka mama hakuumaliza, aliukunja ulivyo akausukumia uvunguni.

Asubuhi akaniamsha. Maji yalikuwa yamekwisha mtungini, na baba alitaka kuoga kabla ya kurudi Temeke. Tukachukua madebe yetu tukaenda.