Honi Iliyolia Yenyewe

"Mama Laker, yule Mzaire usimpe hata maji," alisema jirani yake, Rukiah, akichambua maharage kwenye sinia. "Honi zile anazopiga si za kazi. Anaita watu wa miwani, wale wa usalama. Akipiga leo, kesho utasikia fulani hayupo."

Ajok alimhamishia mwanawe Laker ziwa la pili, akatikisa kichwa. Mumewe alikuwa polisi, mtu wa Kitgum, amehamishiwa Moroto, na barua hazikuja. Watu wa kwao walikuwa wakitoweka kazini mmoja mmoja, na mke wa mtu kama huyo hujifunza kujibu kwa kutikisa kichwa.

Mzaire huyo, Kakule, alikuwa fundi wa umeme wa magari. Alitoka upande wa Beni na mkewe Emérence, aliyeuza vikapu soko la Owino. Karakana yake ilikuwa kivuli cha ukuta, mkabala na baraza ya Ajok pale Kisugu, kwa hiyo Ajok alimjua zaidi kwa macho kuliko kwa maneno. Kabla ya kufungua gari aliweka kiganja kwenye boneti, kama anayepima homa. Nyaya zilizomsumbua alizibembeleza. Kazi ikiisha alipiga honi mara tatu, mwenye gari aliyekuwa akinywa chai pale kona ajue liko tayari. Hizo ndizo honi alizozisema Rukiah.

Mchana huo lilikuja gari jeupe. Alishuka mwanaume wa miwani myeusi na viatu vya kisigino kirefu. Rukiah akaingia ndani na sinia lake.

"Fundi, honi inalia yenyewe nikikata kona. Kesho niko kwenye msafara, nyuma ya mkubwa kabisa. Ikilia pale, unajua?"

"Najua, afande."

"Unajua nini?"

Kakule akaweka kiganja kwenye boneti. "Nikate waya, afande? Ikae kimya kwanza, mpaka nipate mpya."

"Gari yangu iwe bubu? Geti ya kambi kule Mbuya inafunguliwa kwa honi. Ukisogea bila honi, askari anafyatua. Tengeneza. Saa kumi narudi."

Alipoondoka kwa miguu, Kakule alisimama akilitazama lile gari. Kisha akageuka.

"Mama Laker, samahani sana. Nakosa mtu wa kushika usukani."

Ajok aliutazama mlango wa Rukiah uliofungwa. Akamfunga Laker mgongoni, akaketi ukingoni mwa kiti.

"Zungusha kulia. Polepole, kama unakoroga uji."

Honi ikapiga ukelele. Laker naye akaangua kilio.

"Rudisha!"

Kimya. Kila usukani ulipofika mahali palepale, honi ililia; ukirudi, ilinyamaza. Kakule akafungua bomba la usukani, akaingiza kichwa chini yake, akatoka akitabasamu.

"Umejificha humu, mchokozi! Ngozi ya waya imelika, shaba iko uchi. Ukikata kulia inagusa chuma, inapiga shoti. Honi inadhani umeibonyeza."

Tabasamu halikukaa. Waya mpya angeutoa wapi? Tangu Wahindi wafukuzwe, maduka ya vipuri mjini yalikuwa rafu tupu. Akakata ukanda wa tyubu ya baiskeli, akauviringisha penye jeraha, akaufunga kwa uzi ambao Ajok alimletea kutoka kwenye kikapu chake cha ushonaji. Wakajaribu. Kulia, kimya. Kushoto, kimya. Ajok akabonyeza, ikalia vizuri.

"Imepona, fundi!"

"Imenyamaza, Mama Laker. Kupona ni kitu kingine. Usukani utautafuna huu mpira. Labda mwezi ujao. Labda kesho."

Saa kumi mwenye gari alirudi, na Kakule akamwambia hivyohivyo, kwa sababu hakujua kumdanganya mtu juu ya gari lake. Yule bwana akavua miwani. Macho yake yalikuwa ya kijana tu.

"Mimi sikuuliza habari ya mpira. Ikilia kesho, nakuja hapa. Nisipokukuta wewe, nachukua nitakayemkuta."

Gari likaondoka. Lilipokata kulia pale kona, Ajok na Kakule walizuia pumzi. Honi haikulia.

"Toroka, fundi," Ajok alinong'ona. "Leo hii."

"Umemsikia. Hapa unakaa wewe, na huyo mgongoni."

Ajok alijikuta anampapasa Laker mguu, ingawa mtoto alikuwa amelala zamani. Kakule alikuwa akifuta spana zake moja moja na kuzirudisha mfukoni, polepole.

"Nikuombe kitu, Mama Laker. Emérence anafunga biashara jua likizama. Mimi nikionekana Owino watasema nakimbia, lakini wewe mwenye mtoto hawatakuuliza. Mwambie asirudi nyumbani. Apande lori la wenzetu la Kasese, karibu na mpaka wa kwetu, usiku huuhuu. Akiuliza niko wapi, tafadhali, mwambie nakuja nyuma yake."