Shubiri Kisimani Siku ya Bomba

Siku ile walikuwepo Bwana Shauri, mkubwa wa serikali wilayani, Jumbe Mwinshehe wa kijiji chetu, fundi wa pampu, shangazi yangu Mwamvua na wapishi wenzake, mdogo wangu Zaituni, na kijiji chetu cha Kurui kizima, kwa hiyo sina cha kuficha, aibu yangu kila mtu aliila kwa mkono wake.

Tangu wazazi wetu wafariki mimi ndiye niliyewalea wadogo zangu (shule niliiachia darasa la tatu), na mlea yatima hamwamini mtu upesi. Serikali ilisema itatoa fedha za pampu na tangi, nasi tuchangie kwa Jumbe. Tukachangia, na kabla bomba halijafika, nyumba ya Jumbe ikaezekwa bati! Jioni ya kuamkia ufunguzi nikaona watu wakipandisha madebe ya maji tangini, nikasema basi, hapana pampu hapa, wanalijaza maji ya kisima chetu cha zamani, Bwana Shauri afungue, tupige makofi, aende zake. Nikaponda shubiri kikapu kizima, nikaimwaga kisimani usiku ule kabla tangi halijajaa, ili bomba likitoa maji machungu Jumbe aumbuke mbele ya mkubwa wake.

Kumbe wapishi wa futari walimtuma Zaituni akachota kisimani mchana, bomba likiwa bado limefungwa, na kwa kuwa ilikuwa Ramadhani hakuna aliyeonja chungu.

Magharibi ilipoingia Bwana Shauri akafungua bomba, nikakinga maji yake, nikanywa nikijiandaa kutema. Matamu!

"Na yale madebe ya jana?" nikamwuliza fundi.

"Tulikuwa tunasuuza tangi, ndugu yangu. Haya pampu inayavuta kisima kipya."

Hapo Jumbe akatema muhogo wa futari. Bwana Shauri alimeza kwa adabu, machozi yakimtoka.

"Mwamvua, umetupikia nini?" Jumbe akauliza.

"Mwulize aliyechota maji!" shangazi akajibu, akamwonyesha Zaituni.

Watu wakaanza kumkwepa mdogo wangu kama mchawi, na posa yake ilikuwa imeletwa wiki ile ile (mshenga amekaa pale pale, anatazama). Nikasimama.

"Ni mimi. Nilitia shubiri kisimani."

"Ya nini?" watu wakauliza.

"Kumpima Jumbe."

"Ungemwonjesha yeye peke yake, baba," shangazi akasema, "sisi tumekukosea nini?"

Walicheka mpaka mshenga naye akacheka, na posa ikapona. Jumbe hakunishtaki, alisema tu nikikaushe kisima na kukisafisha, kisha niwafuturishe wote walioondoka na njaa. Kisima nilikisafisha. Siku hizi nikimshuku mtu namwuliza usoni, maji ya watu siyagusi. Ila futari, jamani, Ramadhani nyingine hiyo inaingia, mihogo yangu haitoshi hata nusu ya Kurui, na kila nikienda bombani wanawake huniuliza, "Kaka, tuje lini?"