NILIMZUSHIA BABA MKWE KIFUA KIKUU ILI WATU WASIMLETEE MAFUA

Admin, lifiche jina langu kabisa. Na nyie wa kwenye maoni, kama umekuja kuniambia "mvumilie tu wifi yako", pita, posti zipo nyingi.

Nina miaka 37, watoto wawili, fundi cherehani, nashonea nyumbani hapa Songea mjini. Nimeolewa na Mngoni. Mimi natokea Dodoma, na ukoo huu haujawahi kuniacha nisahau hilo. Mume wangu ni mwalimu Nalasi, Tunduru, anarudi mwisho wa mwezi. Kwa hiyo anayekaa na baba yao ni mimi.

Baba mkwe amefika miaka 71. Alikausha tumbaku Namtumbo karibu maisha yake yote, na nyingine akaivuta. Sasa mapafu yamechoka, anatumia ile dawa ya kupuliza mdomoni. Siku nzuri anatembea mpaka barabarani na kurudi. Lakini mafua haya ambayo wewe unapenga kamasi na kwenda kazini, yeye yanampeleka kwenye oksijeni. Daktari alitueleza wazi, mimi na wifi yangu tukiwa tumesimama pamoja: "Ugonjwa wa mzee hauambukizi mtu. Ninyi ndio mnaomwambukiza. Mwenye mafua asimsogelee."

Wifi, ambaye ni dada mkubwa wa mume wangu, akaitikia "sawa daktari". Hazikupita wiki mbili, baridi ya mwezi wa saba imepamba moto, akaja na wanawe watatu na watu kama kumi wa jumuiya yao ya kanisani kumjulia hali mzee. Madirisha yamefungwa sababu ya baridi. Huyu anapiga chafya, yule anakoholea kwenye khanga, wifi mwenyewe sauti imekauka. Nikasema kwa adabu zote, "Wifi, naomba wenye mafua wamsalimie baba kupitia dirishani."

Akanicheka. "Wifi, huku kwetu mgonjwa anashikwa mkono. Hayo ya dirishani kafanyeni kwenu Dodoma." Akamkumbatia baba yake mbele yangu, makusudi.

Siku ya nne mzee midomo ilibadilika rangi. Nilimpakia kwenye bajaji peke yangu, akalazwa wiki nzima. Na huko wodini wakaja tena na vikohozi vyao, na wifi akawatangazia kwamba baba anaumwa kwa sababu simfuniki vizuri! Mwezi uliofuata ikajirudia vilevile. Watu walewale, chafya zilezile, bajaji ileile.

Aliporuhusiwa mara ya pili, wifi akapiga simu kuuliza jumuiya ije saa ngapi kumshukuru Mungu. Nikamjibu, "Njooni tu, ila daktari amesema ni TB."

Akakata simu palepale. Sitadanganya, nilisikia raha. Siku hiyo hakuja mtu, na wiki ile hakuja mtu. Nilichojifunza ni kwamba hawa watu hawakuogopa kumuua mzee, walichoogopa ni kufa wao. Mume wangu naye nilimdanganya, maana hana siri na dada yake. Nikamwambia baba ameshaanza kumeza dawa, ila mtu asimtajie ugonjwa wake, asije akavunjika moyo. Miezi minne mzee hajapata hata chafya moja. Kifua kilitulia, akaanza kula ugali wa kushiba.

Lakini sikufikiria mengine. Wifi aliwapeleka wanawe kupima, wakakutwa wazima, akaja kusimama barabarani, mzee akiwa kalala ndani, kunitukana majirani wote wakisikia, eti niliwaficha ugonjwa. Sasa akileta chakula anaacha getini kwenye chombo cha kutupa. Rafiki wa mzee, wamekua wote kijijini Mpitimbi, alikuwa anakuja kila Jumapili kusikiliza naye mpira redioni. Siku hizi anampungia mkono akiwa juu ya baiskeli. Mzee anakaa barazani anasalimia wapita njia, na wao wanaitikia bila kusimama. Aliniuliza, "Mama Neema, hawa watu nimewakosea nini?" Nikasema wako mashambani baba. Yeye si mtoto, hakuniamini.

Sasa ukoo umekaa bila mimi na kuamua mzee apelekwe Mpitimbi Jumamosi hii. Mdogo wake kamjengea kibanda cha peke yake, kimeshikana na jiko la kuni. Mtu mwenye mapafu yale mnamlaza kwenye moshi! Nimepinga mpaka sauti imenikauka. Mume wangu anasema nimwache dada apange, yeye ndiye mkubwa. Na dada huyohuyo ndiye aliyempigia baba simu akamwambia kwa nini anahamishwa. Mzee ndiyo kajua hivyo, kwamba ana TB na sote tulimficha.

Jana nimemkuta anakunja mashati yake mwenyewe, anapumzika kila baada ya shati moja. Akaniambia, "Mwanangu, ulijua nina ugonjwa huu na bado ulininawisha, ukala na mimi. Wewe peke yako hukuniogopa. Mungu akutunzie watoto." Nikatoka nje, nikalia kama nimefiwa.

Nikisema ukweli, ndoa yangu iko mashakani, na watamrudia wote siku hiyohiyo kumkumbatia. Wifi sasa hivi anakohoa, nimemsikia kwenye simu. Nikinyamaza, mzee anakwenda kuvuta moshi kibandani, anaona aibu kwa ugonjwa ambao hana.

Nipeni akili jamani, Jumamosi si mbali. Ila msiniambie nimwombe wifi msamaha, huyo hapana. Ninayetaka kumwomba msamaha ni mzee, na kila nikimpelekea chai ananishukuru kabla sijafungua mdomo.