Frigolite ya Manjano

Kwetu Butembo kila kitu chepesi chenye kukinga baridi ao chenye kufunga bintu mu karton, tunaita frigolite. Ile nyeupe yenye inakuja na televizyo, frigolite. Ile ngumu ya ku ukuta ya frigo, nayo frigolite. Neno moja kwa bintu bingi, na hakuna mutu aliona ubaya.

Bwana yangu ni fundi wa piki-piki, na anajenga ndege. Naandika vile tu, bila kucheka, ju nimechoka kujibu batu. Iko mu kiwanja yetu ya Mususa, chini ya mabati. Mwili yake ilikwisha, mabawa njo yalikuwa yamebaki. Bawa inakatwa mu frigolite na waya yenye moto. Waya inafungwa ku upinde ya mbao, mutu mumoja anashika huku, mwengine kule, munavuta pamoja, na waya inapita sawa kisu mu avoka. Mutu wa kule njo mimi. Nani mwengine angekubali?

Donc tuligombana juu ya vyombo. Kwa waya tulisikilizana upesi. Kable ya frein ya kinga, ile baiskeli, ilipata moto ikalegea. Ile ya réchaud ya kupikia tuliinyoosha mpaka vidole vikauma, bado ilibaki na mawimbi. Mwisho tukapata waya mupya, ya kunyooka, na tukanyamaza. Vita ilikuwa juu ya moto yenyewe: itoke wapi? Mimi nilitaka batri ya piki-piki. Courant, umeme ya huku, iko sawa mukwe: inafika saa inataka, inaenda bila kuaga. Yeye alitaka transfo ya kuchomeka ku courant, ile yenye kifungo ya kuongeza na kupunguza moto.

"Batri inachoka katikati," akasema. "Waya inapoa, bawa inabaki na ngazi. Utapanda mu ndege ya ngazi?"

Nikamujibu kwamba mimi sitapanda hata ile ya transfo. Alinisikia vizuri, kisha akafanya ya kichwa yake. Bwana yangu ni mugumu, ukimupika haivi.

Akashuka Beni kununua hiyo transfo yake. Alifikia kwa shemeji yangu, mukubwa yake, kule Mulekera. Mchana akanipigia simu, sauti ya mutu ameokota dahabu.

"Transfo iko mu mukono. Na frigolite nimepata ya bure, kuko mutu anabomoa chambre froide yake, chumba ya baridi ya kuweka nyama. Iko ngumu, inapita ile nyeupe. Tunaijaribu sasa hivi mu chumba ya batoto. Tumefunga mulango na madirisha, upepo isipoeshe waya."

Nikasema vizuri, nikakata simu, nikarudilia mihogo yangu. Nilimenya moja, nikaanza ya pili, na mukono ikasimama. Chambre froide. Ndani ya ukuta ya chambre froide haiko nyeupe. Iko manjano.

Baba yangu alikuwa anatengeneza frigo kule Mangina. Siku moja ya mvua alifunga mulango ya atelier, akaweka moto ya chalumeau, ya kulehemu, ku ile manjano, apate kufikia tuyo ya gazi yenye kutoboka. Moshi yake ikamupiga, majirani njo walimutoa. Alikuwa amelala chini, mate inamutoka. Alipona, mais kifua yake haikurudi kuwa kifua. Tangu pale, ile kitu tulikuwa tunaizika mu udongo. Baba aliiita "ile sumu", basi. Kwa bwana yangu ilikuwa frigolite.

Nikapiga simu. Imezimwa. Nikapiga ya shemeji. Imezimwa nayo. Nikatoka na kitenge ya jikoni, nikasimamisha piki-piki ya taxi-moto, nikamuambia motard Beni, na apige mbio.

Niliogopa, nisiseme uongo. Njia yote nilikuwa naona ile chumba imefungwa, banaume babili bamelala chini sawa baba yangu, na hakuna jirani anajua. Nilianza Salamu Maria, nikajikuta katikati namutukana bwana yangu, nikaomba musamaha, nikaanza tena. Motard aliongeza mbio. Nafikiri alizania kichwa yangu haiko sawa.

Tulipofika, niliwaona inje. Bamekaa juu ya vipande vya manjano, banakunywa kasikisi, pombe ya ndizi.

Bwana yangu akasimama, chupa mu mukono. "Nani amekufa?" Ju kwetu, bibi ya mutu akifika bila kuitwa, ni kilio.

"Hakuna mutu," nikasema. Nikakaa mu vumbi pale pale. Nikalia, kisha nikamutukana kwa sauti ya kutosha majirani bote.

Shemeji njo alinieleza. Waya ilikuwa inaanza kuwa nyekundu, banataka kuigusisha ku frigolite, courant ikakatika. Bakangojea, bakachoka, bakatoka kupunga hewa. Simu nazo zilikufa, hakuna pa kuzichajia.

Nikabaambia habari ya baba. Shemeji akainuka juu ya ile manjano sawa mutu amekalia siafu.

Hatukumaliza kusema, courant ikarudi. Radio ya jirani ikaanza kuimba, na mule chumbani transfo ikanguruma, ju hakuna aliyeizima. Bwana yangu akaingia, akaizima, akafungua madirisha yote. Akarudi kukaa karibu yangu mu vumbi.

"Kama nilikusikia," akasema pole pole, "kama nilikuja na batri..."

Batri haingojei courant.

Nikamushika mukono. Tangu tufunge ndoa, sikuwahi kufurahi vile ju bwana yangu alikataa kunisikia.