Kikombe Kilichobaki

Miaka hupita bila kubisha hodi, lakini fundi viatu wa Witeithie hajaacha kubisha: haingii nyumbani mwa mtu, wala kanisani, kabla ya kugonga kizingiti cha juu mara tatu kwa nyundo yake na kutega sikio. "Mwamba mzima hulia kama kengele, mbovu hulia kama debe," huwafunza wateja, kidole chenye gundi kikipapasa jiwe la kijani alilotoka nalo kwenye machimbo ya shaba ya kwao magharibi, yalipofungwa. Na kila mwaka, katika masimulizi yake, shimo alilolichimba huongezeka kina.

Juzi mzee Odongo alikuja kumtembelea bintiye Jentrix, muuza mboga wa kibanda cha pili. Fundi alipomwona, nyundo ilisita hewani.

"Baba, si huyu mlichimba naye?" Jentrix aliuliza.

Odongo akacheka hadi bakora ikamponyoka. "Huyu? Alikuwa mpishi wetu! Shimoni hakutia hata unyayo, aliogopa giza!"

Wateja wakaangua kicheko. Heshima ya miaka mingi ikawa inamwagika, fundi akiitazama.

"Na jioni," akasema taratibu, "nani alihesabu vikombe vya chai, ajue nani hajapanda kutoka shimoni?"

Kicheko cha Odongo kikakatika. "Kweli, ndugu yangu. Siku mwamba ulipoporomoka, kikombe kilichobaki kilikuwa changu. Ni yeye aliyepiga kelele nikafukuliwa."

Fundi akagonga nguzo ya kibanda mara tatu. "Nzima," akatangaza. "Ingawa shimo lilikuwa refu kuliko mnavyodhani."

Mwenyezi Mungu amjalie afya, yeye na jamaa zake wote, wasikose kikombe wala wa kukihesabu. Na zile futi alizoziongeza, amsamehe.