Mwalimu Dafroza na Majini wa Mwigobero

Mwalimu Dafroza Ghati alifundisha Kiswahili sekondari kwa miaka thelathini na mbili, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kupata kwake insha ya ishirini juu ya ishirini. Alipostaafu alirudi kwao Butiama akalima mihogo. Akabaki anasoma kila kilichochapwa, hata maelezo ya dawa ya kuogeshea ng'ombe, na kila mara alikuta kosa.

Mwaka jana alitembelewa na Prosper Makongoro, mwanafunzi wake wa zamani. Prosper ni mzaliwa wa Buhare, pembeni mwa Musoma, ila siku hizi yuko Dar es Salaam anatengeneza matangazo ya vinywaji, na amejifunza kuvaa miwani ya jua hadi sebuleni. Alimletea riwaya aliyoiandika mwenyewe, *Wakuu wa Giza la Mwigobero*. Chini ya jina iliandikwa: fantasia ya mjini.

"Ndiyo nini hiyo?" Dafroza akauliza.

"Ni majini, Mwalimu, lakini wanakaa mjini kama sisi. Wanapanga vyumba, wana simu. Jumamosi nakizindua Musoma. Naomba uniongelee maneno mawili matatu. Mazuri."

"Nikishasoma."

"Si lazima usome chote. Mgeni rasmi mwenyewe hajasoma."

Dafroza alisoma chote, kurasa mia nne na kumi na mbili, akimenya mihogo na kusonya. Shujaa aliitwa Damian Radi, kijana wa misuli aliyeteuliwa kuuokoa mji. Nani alimteua, na kwa sababu gani, mwandishi hakuona haja ya kusema. Ukurasa wa thelathini jini hawezi kugusa chuma. Ukurasa wa tisini jini huyohuyo anaendesha lori. Wauza samaki wa Mwigobero, ufukweni Musoma, walizungumza kama waliolelewa Pemba. Mwanamke pekee kitabuni alikuwa na kazi mbili, kupendeza na kulia. Baya zaidi, ziwa lilikuwa na maji ya chumvi, tena yalikupwa na kujaa. Na hayo yameandikwa na mtu wa Buhare, aliyeogelea ziwa hilohilo mpaka akaugua kichocho!

Kisha akafika sura ya kumi na nne. Humo wavuvi waliokufa maji wanapanga foleni kwenye kibanda cha kuchajia simu, nguo zikiwachuruzika, ili wapigie nyumbani. Simu zinaita, lakini hakuna anayepokea, kwa sababu huko nyumbani watu hawapokei namba wasiyoijua. Sura nzima haikuwa na radi hata moja.

Dafroza aliweka kisu chini. Mdogo wake, Bernado, alizama na mtumbwi huko Murangi miaka sita iliyopita na mwili haukupatikana. Dafroza aliendelea kuipiga namba yake kila Jumapili baada ya misa, mpaka siku moja mwanamke wa Tabora akapokea, akasema kwa upole kuwa laini hiyo sasa ni yake. Hilo hakuwahi kumsimulia mtu.

Jumamosi, ukumbini Musoma, mgeni rasmi alisema kitabu kitainua utalii wa mkoa. Watu wakapiga makofi. Kisha akaitwa Mwalimu Dafroza.

"Mimi nimekisoma," alianza, na tayari Prosper akavua miwani. "Prosper, nilikufundishaga Kiswahili, jiografia sikukufundisha, lakini chumvi ya ziwa hili umeionjea wapi?"

Ukumbi ukacheka. Akaendelea na lori la jini, na mwanamke wa machozi, na Damian Radi. "Huyu kijana hajawahi kukosea, hajawahi kuogopa, hata njaa haimuumi. Mtu wa hivyo anaokoa mji wa nini? Mji wenyewe haujui." Mama yake Prosper, aliyekaa mstari wa mbele na kitenge kipya, aliinamisha kichwa.

Halafu Dafroza akafungua sura ya kumi na nne, akaisoma yote kwa sauti hadi mwisho. Hakuna aliyecheka. Mzee mmoja nyuma alitoka nje.

"Sura hii moja ilinitoa machozi," akasema akifunga kitabu. "Zile ishirini na sita zilizobaki zimenipotezea muda wa mihogo. Unajua kuandika, ila unaona aibu."

Nje, Prosper alimfuata. "Mwalimu, umenidhalilisha mbele ya mama yangu."

"Sura ile uliitoa wapi?"

Akaifuta miwani kwa shati. Kisha, kwa sauti ndogo: "Baba alikuwaga na kibanda cha kuchaji pale ufukweni. Wavuvi walikuwa wanaacha simu, hawarudi kuzichukua."

"Basi andika hayo."

"Hayo hayauziki, Mwalimu," akasema, akaivaa tena miwani yake.

Miezi mitano baadaye Dafroza alishuka Bunda kununua mbegu, akaingia kwenye duka la vitabu la Happyness. Toleo la pili la riwaya ya Prosper lilikuwa kaunta. Jalada la nyuma liliandikwa kwa herufi nene: "Ilinitoa machozi" – Mwalimu D. Ghati.

Alimpigia Prosper palepale. Simu iliita, ikakatwa. Akapiga tena, ikakatwa tena.

"Nipe kalamu," akamwambia Happyness.

"Mwalimu, hizo nakala ni za kuuza!"

Dafroza alikwisha kaa kwenye stuli. Nyuma ya kila nakala, zote kumi na moja, chini ya maneno yake, aliandika kwa mwandiko wa ubaoni: *Sura ya kumi na nne tu. Nyingine ni takataka.*

"Sasa nani atanunua?" Happyness akalalamika.

Mama mmoja muuza dagaa kutoka Kiriba, aliyefuata madaftari ya wanawe, alichukua nakala moja, akasoma jalada polepole, akatoa pesa.

"Hiyo ya kumi na nne iko ukurasa wa ngapi?"

"Mia mbili na sita," Dafroza akasema. "Huku mwanzo usijihangaishe."