Tui Lililokatika Mbele ya Wakwe

Mimi ni mwalimu wa fizikia, Mchaga niliyeolewa Kariakoo, na tangu Jumamosi hakuna anayenituma jikoni.

Siku hiyo mama mkwe alinikabidhi sufuria ya tui la nazi. "Koroga, mwanangu, usiache mpaka lichemke." Wageni walikuwa wanakuja kunitazama mimi, bibi harusi mpya. Nilikoroga kidogo, kisha nikaanza kumsomesha wifi yangu: samli ikiyeyuka, ukiipoza inaganda tena; barafu vilevile. Mwiko nikausahau. Tulipogeuka, tui lilikuwa limekatika, maji huku, mafuta kule.

"Wifi, umeua!"

"Tulia. Moto umeliharibu, baridi italirudisha."

Nikatumbukiza barafu yote ya kwenye friji, nikafunika, nikaenda sebuleni kuwaamkia wageni kwa madaha ya msomi.

Punde mama mkwe akatoka jikoni na sufuria mikononi, barafu zikigongana ndani.

"Mwalimu, tui hili lina homa?"

"Nalirudisha lilivyokuwa, mama."

Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniumiza. Aliniwekea palepale mkekani nazi mbili zilizovunjwa na mbuzi ya kukunia. "Likishakatika, mwanangu, linarudi kwa njia hii tu."

Nikakusanya deera langu jipya, nikaikalia ile mbuzi kwa kujiamini kabisa, nikanyoosha mkono na nusu yangu ya nazi. Meno ya kukunia sikuyaona.

"Wifi," wifi yangu akaninong'oneza, "geuka. Yapo nyuma yako."